Nyuki Wasio na Mzinga, na Watu Waliowapa Majina

Sisi huku Doha tu wazima, joto ndilo hilo mnalolisikia. Leo sina habari za viza wala za mishahara. Nataka niwasimulie habari za nyuki. Tena siyo nyuki wa asali mnayemjua, bali ndugu zake ambao hatuna hata majina yao, ingawa wanalala nasi nyumba moja na kutulisha mboga.

Hapa Abu Hamour, kusini mwa mji, nyumba zote zina kuta ndefu na juu ya kuta hizo watu wamepandisha bogenvilia. Tazama majani yake kwa makini utaona mengine yamekatwa viduara safi, kama kuna mtu amepita na mkasi. Aliyekata ni nyuki. Kwenye rehani hupita mwingine mwenye mistari tumboni, ana mbio huwezi kumfuata kwa macho. Na kwenye tawi kavu la mkunazi huingia yule mkubwa, mweusi, mwenye manyoya ya njano mgongoni. Hao wote hawana mzinga, hawana malkia, na asali ya kulamba hawana. Kila jike ana nyumba yake. Anachimba au anatoboa mwenyewe, anabeba chavua na mbochi mwenyewe, anataga yai juu ya chakula hicho, anaziba mlango, anaanza chumba kingine. Mara nyingi hufa kabla hajawaona wanawe. Wataalamu wanawaita nyuki wapweke.

Sasa sikilizeni hesabu. Duniani kuna spishi za nyuki zaidi ya 20,000 zilizokwisha kupewa majina. Nyuki wa asali wenyewe, jenasi ya Apis, hawafiki hata dazeni moja. Waongezeni wale nyuki wadogo wasiouma, ambao asali yao nyumbani hutumika kama dawa, nao ni mia kadhaa tu. Wengi mno wa waliobaki ni wapweke. Kwa maneno mengine, tunaposema "nyuki" huwa tunamtaja mtu mmoja katika kijiji kizima na kudhani tumewataja wote.

Lugha yetu inaonyesha jambo hilo waziwazi. Neno nyuki ni la kale sana. Waganda wanasema enjuki, Warundi inzuki, Wakikuyu njũkĩ, Washona kule Zimbabwe nyuchi. Ni neno moja la wahenga wetu wa Kibantu lililotembea na watu. Tuna maneno ya mzinga, nta, sega, na hata ndege anayeonyesha asali tumempa jina: mlembe. Lakini kwa maelfu ya nyuki wasio na asali tuna maneno ya kuhesabu. Yupo bunzi, kwa kuwa anatoboa maboriti yetu na anavuma kama pikipiki. Baada ya hapo ni "kadudu". Mwanadamu humpa jina anayemlisha na anayemsumbua. Asiyefanya lolote kati ya hayo hupita bila kuitwa.

Msidhani wasomi wa Ulaya walikuwa tofauti. Carl Linnaeus wa Uswidi, aliyeanzisha utaratibu wa kila kiumbe kuwa na majina mawili ya Kilatini, mwaka 1758 aliwaweka nyuki wote aliowajua katika jenasi moja, Apis. Wa mzinga, wa ardhini, wa kwenye mbao, wote mkumbo mmoja. Yule wa asali akamwita Apis mellifera, yaani mbeba asali. Baadaye akagundua kwamba nyuki habebi asali, anabeba mbochi na asali anaitengeneza nyumbani. Basi mwaka 1761 akajaribu kumbadilisha awe mellifica, mtengeneza asali. Kanuni waliyokuja kuifuata wanasayansi ikamkatalia, kwa sababu jina la kwanza ndilo linalosimama hata kama si sahihi. Mpaka leo nyuki wetu ni "mbeba asali". Ishikeni kanuni hiyo, nitairudia.

Mwanafunzi mmoja wa Linnaeus, Peter Forsskål, alifika upande huu wa Bara Arabu. Mfalme wa Denmark alituma msafara wa watu sita, wakaondoka Copenhagen mwaka 1761. Forsskål alifia Yarim, Yemeni, Julai 1763, akiwa na umri wa miaka 31. Kati ya wale sita aliyerudi salama ni mmoja tu, Carsten Niebuhr, naye ndiye aliyechapisha maandishi ya marehemu mwenzake mwaka 1775. Je, ni mdudu gani wa Forsskål anayejulikana zaidi leo? Ni nzige wa jangwani. Jina la kisayansi la nzige wale waliovamia Kenya, Uganda na kaskazini mwa Tanzania kati ya 2019 na 2021 limetoka katika kitabu hicho. Mnaona? Hata kwa wasomi, anayekula shamba anakuwa na jina maarufu kuliko anayelizalisha.

Kuwatenganisha nyuki kulianza kwa kuwatazama mdomoni. Mwaka 1802 mchungaji wa kanisa moja la kijijini Uingereza, William Kirby, alichapisha kitabu juu ya nyuki wa nchi yake na kueleza spishi zaidi ya 200. Aliwapasua, akapima ndimi zao, akaona kuna wenye ulimi mfupi na wenye ulimi mrefu. Huyu mtu alikaa parokia hiyo hiyo ya Barham zaidi ya miaka 60, kwa hiyo nafasi ya kuchungulia maua alikuwa nayo. Mwaka huo huo Mfaransa Pierre André Latreille alimtoa bunzi katika lile jina la jumla la Apis akampa jenasi yake, Xylocopa, maneno ya Kigiriki yenye maana ya mkata mbao. Na wale wa viduara vya bogenvilia akawaita Megachile, wenye mdomo mkubwa. Kuanzia hapo wapweke wakaanza kuwa na nyumba zao katika vitabu.

Na sisi tuliingiaje? Kama kawaida yetu, kwa meli. Miaka ya 1860 Mjerumani Baron Carl Claus von der Decken alikuwa akitokea Unguja kwenda bara, alijaribu kupanda Kilimanjaro mara mbili, mwisho akauawa Bardera kwenye mto Juba mwaka 1865. Wadudu waliokusanywa katika safari hizo, kutoka sehemu kama Mombasa, Vanga na Ziwa Jipe, walipelekwa Berlin. Huko mtaalamu Adolph Gerstaecker, ambaye mwambao wetu hakuukanyaga, akakaa mezani kuwaandikia majina, na mwaka 1873 likatoka juzuu zima la wadudu wa msafara ule. Katika utaratibu huu, kielelezo cha kwanza kilichopewa jina ndicho kipimo cha milele. Ukitaka kuhakikisha nyuki uliyemkamata Vanga ndiye yule wa Gerstaecker, kipimo chake kiko kwenye droo Ulaya, amechomwa pini, na kikaratasi chini yake. Kijana aliyemkamata kule kwetu huenda alikuwa na jina lake la nyuki yule. Halikuandikwa.

Baadaye kazi ikaenda mbio. Mwaka 1909 Heinrich Friese alichapisha Ujerumani kitabu cha nyuki wa Afrika. Kisha akaja T.D.A. Cockerell, Mwingereza aliyehamia Colorado, Marekani, akiwa kijana kwa sababu ya kifua kikuu. Hewa ya mlimani ikamponya akaishi hadi 1948, na katika maisha yake akatoa majina zaidi ya 5,000 ya nyuki peke yao. Mwaka 1931 alizunguka Afrika, kutoka kusini hadi Kongo, akiokota nyuki pamoja na mkewe.

Lakini mbio zina hasara zake. Kwa bunzi wengi dume na jike hawafanani kabisa. Jike mweusi, dume wa njano au wa kahawia mwili mzima. Mtu aliyeletewa maiti mbili katika boksi angejuaje kwamba ni mke na mume? Kwa hiyo nyuki mmoja aliweza kupewa majina mawili, matatu, na wataalamu waliofuata wakabaki na kazi ya kupatanisha ndoa. Bunzi wa huku Ghuba ni mfano mwingine wa mkanganyiko. Linnaeus aliwahi kumwita nyuki mmoja wa namna hii aestuans mwaka 1758, na Mwitaliano Spinola akamwita mwingine wa Misri pubescens mwaka 1838. Wanafanana mno, na kwa muda mrefu vitabu vilichanganya huyu na yule. Leo wataalamu hutazama mishipa ya mbawa, nywele za miguu, sehemu za siri za dume, na siku hizi vinasaba, ndipo waamue.

Sasa nirudi kwenye ile kanuni ya jina la kwanza. Mmoja wa bunzi wa Afrika Mashariki na Kusini, jike mweusi mwenye mikanda miwili myeupe au ya njano, anaitwa Xylocopa caffra. Jina alipewa na Linnaeus mwaka 1767. Msomaji wa Kiswahili huhitaji kutafsiriwa: ni kafiri. Neno la Kiarabu lililopita mdomoni mwa wasafiri, likafika kusini mwa Afrika, likageuka tusi la walowezi kwa mtu mweusi. Wanasayansi wa mimea walikutana Madrid Julai 2024 wakapiga kura kwamba mimea yote yenye caffra igeuzwe iwe affra, ya Afrika. Upande wa wanyama, tume inayosimamia majina ilieleza mwaka 2023 kwamba haitabadilisha majina kwa sababu za namna hiyo, maana kuyabadilisha kutavuruga kumbukumbu za dunia nzima. Kwa hiyo mti umeondolewa tusi, nyuki bado analo. Mimi naona hoja ya kumbukumbu ni ya kweli, na maumivu nayo ni ya kweli.

Na nyuki huyo huyo ndiye nataka mumheshimu. Huko Nguruman, Kenya, karibu na Magadi, wakulima hulima biringanya. Ua la biringanya chavua yake imefungiwa ndani ya vijirija vyenye tundu dogo nchani, kama kopo la chumvi. Nyuki wa asali hajui kulifungua. Bunzi analishika ua, anatetemesha misuli ya kifua kwa nguvu mpaka chavua inamwagika. Ule mvumo mnaousikia shambani ndiyo kazi yenyewe. Utafiti wa Barbara Gemmill-Herren na Alfred Ochieng uliochapishwa 2008 ulionyesha kwamba wachavushaji wakubwa wa biringanya pale walikuwa nyuki wapweke wawili, mmoja akiwa huyu caffra. Ukaonyesha na jambo jingine: ua la biringanya halina mbochi, kwa hiyo nyuki hao walitegemea maua ya porini kando ya shamba ili waishi. Ukifyeka pori lote hadi mpakani, umefukuza vibarua wako kwa kuwanyima chakula.

Shangazi na wengine mnaolima mboga, haya yanawahusu moja kwa moja. Pasheni inamtaka bunzi, kwa sababu ua lake ni kubwa na nyuki mdogo hupita chini bila kugusa panapotakiwa. Mbaazi inawapenda bunzi na wale wakata majani. Nyanya nayo ni ndugu wa biringanya na hupenda kutetemeshwa hivyo hivyo. Mtu anaweza kuleta mizinga kumi ya nyuki wa asali, akapata asali nzuri, na biringanya zake zisibadilike.

Na ngoja niwape ufundi wao, maana ni kama mtaa wa mafundi. Bunzi ni seremala, hali mbao, anaitoboa tu na kukata vyumba kwa unga wa mbao. Megachile hushonea watoto wao vifuko vya majani, na wapo wenzao wanaojenga kwa udongo au kwa utomvu, hao ni waashi. Jenasi ya Anthidium hukwangua manyoya ya majani wakayafanya godoro. Colletes hupaka ukuta wa chumba cha ardhini ute unaokauka kama nailoni, maji yasipenye. Amegilla, yule mwenye mbio wa kwenye rehani, huchimba udongo. Na kama ilivyo mtaa wowote, wapo wadokozi. Thyreus, mweusi mwenye madoa, hajengi chochote, anamvizia Amegilla ametoka akaenda kutaga yai ndani ya chumba cha mwenzake. Jenasi hizi zinapatikana Ghuba na zinapatikana Afrika Mashariki. Nyumba za zamani za Doha ziliezekwa kwa boriti za mikoko kutoka Lamu na Rufiji, na maseremala wa aina moja, wenye mbawa, wako pande zote mbili za bahari.

Wengi wa nyuki duniani hukaa ardhini, siyo mitini. Kile kiwanja kitupu, kigumu, chenye vitundu vidogo nyuma ya nyumba ni mji mzima.

Hesabu ya walioko kwetu bado inaendelea. Kwa nyuki wa asali serikali ilikuwa na maafisa tangu ukoloni. F.G. Smith, mtaalamu wa ufugaji nyuki Tanganyika, aliwagawa mpaka kwa makabila mwaka 1961, akawapa nyuki wa pwani jina litorea, wa ufukweni. Wapweke walisubiri. Charles Michener wa Chuo Kikuu cha Kansas, aliyeanza kuandika juu ya nyuki akiwa kijana na kufariki 2015 akiwa na miaka 97, alitoa mwaka 2000 kitabu kikubwa cha nyuki wa dunia. Katika toleo la 2007 amewapanga katika familia 7, na 6 kati ya hizo zipo Afrika. Katika msitu wa Kakamega na kandokando yake, Mary Gikungu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya alikuta spishi zaidi ya 200. Msitu mmoja tu! Mkenya mwenzake Dino Martins alitoa mwaka 2014 kitabu cha wachavushaji wa Afrika Mashariki kilichoandikwa kwa ajili ya wakulima. Na huku Ghuba, jarida la sayansi la Chuo Kikuu cha Qatar lilichapisha orodha ya awali ya wadudu wa nchi mwaka 1985, na majirani wa Falme za Kiarabu walianza 2008 kutoa mfululizo wa vitabu vya wadudu wao.

Kwa nini haraka? Kwa sababu asiye na jina hatafutwi akipotea. Kule Indonesia kuna nyuki mpweke mkubwa kuliko wote, Megachile pluto, jike lake karibu sentimita 4. Alfred Russel Wallace alimpata katika safari zake, Frederick Smith wa Makumbusho ya Uingereza akampa jina mwaka 1860. Akatoweka machoni kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1981 Adam Messer akamwona tena, kisha kimya, hadi Januari 2019 watu walipompiga picha akiwa hai. Alitafutwa kwa sababu jina lake lilikuwepo kwenye kitabu. Wangapi wetu wamekwisha kuondoka bila mtu kuuliza wako wapi?

Tena hawa wapweke wakipigwa hawarudi upesi. Malkia wa nyuki wa asali anaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000 kwa siku moja. Bunzi jike hutaga machache tu katika maisha yake yote. Ukimwagia mafuta ya taa tundu moja la boriti umefuta ukoo. Nasema haya kwa kuwa najua desturi ya kwetu Muheza: bunzi akionekana darini, mtu anatafuta kibatari. Kama boriti inawatia wasiwasi, ipakeni rangi au lami, maana hapendi mbao iliyopakwa, halafu mwekeeni gogo kavu kando ya shamba. Na watoto waambieni ukweli: yule dume anayeelea mbele ya uso wako na kukukodolea macho hana mwiba kabisa. Jike anao, lakini hauma mpaka umbane mkononi.

Nina ombi moja. Nataka majina. Waulizeni wazee, Wabondei, Wasambaa, Wadigo, Wasegeju, kila mmoja kwa lugha yake: yule wa kwenye boriti mnamwitaje? Yule mdogo wa kwenye tundu la ukuta wa udongo? Yule mwenye mistari anayechimba njiani? Andikeni jina kama lilivyotamkwa, mahali, na mdudu anafanya nini. Bibi yuko na kumbukumbu nzuri, mwanzeni yeye, na msimkatize akianza kueleza habari nyingine kwanza. Nitumieni, nitayapanga na kuyaweka hapa na jina la kijiji, kabla wanaoyajua hawajaondoka nayo.

Wasalimieni wote. Wasalaam kutoka Abu Hamour.